Kuchunguza uzazi wa kuvu ya Cryptococcus kwa vinasaba: kutoka PCR hadi spora

Cryptococcus neoformans ndiyo kuvu inayosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu ambao VVU imeshadhoofisha sana kinga yao. Ndani ya mgonjwa inaongezeka kwa kuchipua, kama hamira: seli inatoa kichipukizi, kichipukizi kinakatika, na mtoto anakuwa nakala ya mzazi. Lakini ina njia ya pili. Kuvu za jinsia mbili, zinazoitwa a na alfa (α), zinaungana, zinatoa nyuzi, na kwenye ncha za nyuzi hizo zinazaa spora zenye vinasaba vilivyochanganywa upya. Njia hii ya pili ikiwa ya kawaida mahali fulani, usugu wa dawa uliozuka kwenye kuvu moja unaweza kukutana na sifa nyingine za hatari zilizozuka kwenye kuvu nyingine.

Mwongozo huu ni wa maabara iliyokwisha kukusanya isoleti, yaani kuvu zilizooteshwa kila moja kutoka sampuli yake, na sasa inataka kujua zinazaana vipi. Kosa linalojirudia zaidi katika kazi hii ni kuona mkanda wa PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane kama mkanda kwenye jeli) na kuandika kwamba kuvu "inazaana kijinsia". Mkanda wa PCR unakuambia jeni ipo. Kupandisha kuvu mbili kwenye sahani kunakuambia jeni inafanya kazi ukiiandalia mazingira. Yanayotokea kwenye udongo, kinyesi cha njiwa na magome ya miti utayajua kwa kulinganisha vinasaba vya isoleti nyingi tu. Kila swali lina jaribio lake, na jibu la moja haliwezi kuazimwa kujibu jingine.

Usalama kwanza

Kazi yote ifanyike katika maabara ya ngazi ya pili ya usalama wa kibiolojia, ndani ya kabati la usalama la daraja la II. Seli za kawaida zenye kapsuli (ganda la ute wa sukari) yenye unyevu hazirushwi hewani kwa urahisi, lakini spora ni kavu, zina upana wa mikroni 2 hadi 3 hivi, na zinafika hadi kwenye vifuko vya mapafu. Kwa hiyo sahani iliyopandishwa isifunguliwe kwenye meza ya kawaida baada ya siku ya tano, hata kama unataka kuchungulia tu. Mtu mwenye kinga dhaifu asipangiwe hatua hiyo. Sahani zilizokwisha kutumika zipitie otoklevu kwa 121°C kwa dakika 30 kabla ya kutupwa.

Isoleti za wagonjwa zipewe namba mpya zisizo na jina wala namba ya faili, na kibali cha maadili kiwe mkononi kabla ya kuanza. Kwa Tanzania utafiti wa afya unapitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na usipandishe isoleti sugu kwa flukonazoli na nyingine yoyote bila kamati ya usalama kuridhia kwa maandishi. Swali la uzazi linajibika vizuri kwa kuvu zisizo sugu.

Kusafisha isoleti

Otesha kila isoleti kwenye agari ya mbegu za niger (Guizotia abyssinica) kwa 30°C. Cryptococcus hutengeneza melanini na makoloni hugeuka kahawia ndani ya siku 2 hadi 5, huku Candida nyingi zikibaki nyeupe. Kisha tumia agari ya CGB (yenye kanavanini, glisini na rangi ya bromothimoli buluu): ikigeuka buluu una C. gattii, kuvu ndugu, ambayo ina taratibu zake na isichanganywe katika hesabu hizi.

Sasa chukua koloni moja, ichoree upya kwenye YPD (chakula cha kuvu chenye dondoo la hamira, peptoni na glukosi), chukua koloni moja tena, rudia mara ya pili. Hatua hii inachosha na wengi huiruka. Mgonjwa mmoja anaweza kubeba zaidi ya kuvu moja, na sahani iliyochanganyika itakupa mikanda ya a na alfa kwa pamoja, nawe utatumia mwezi mzima ukitafuta maelezo ya kitu kisichokuwepo. Hifadhi kila koloni safi katika gliseroli ya 20% kwa −80°C, mirija miwili, kila mmoja friza yake kama inawezekana.

Kutoa DNA bila ute

Adui hapa ni kapsuli. Ute wake wa sukari unafuatana na DNA hadi mwisho na kuzuia kimeng'enya cha PCR. Punguza kapsuli mapema kwa kuotesha seli usiku mmoja kwenye YPD ya maji iliyoongezwa NaCl hadi 0.5 M.

Kusanya seli zenye uzito wa miligramu 50 hadi 100. Ongeza mikrolita 500 za bafa ya CTAB (CTAB 2%, Tris-HCl 100 mM ya pH 8, NaCl 1.4 M, EDTA 20 mM) na mikrolita 300 za shanga za kioo za milimita 0.5. Tikisa kwa mashine dakika 1, weka kwenye barafu dakika 1, tikisa tena. Bila shanga, ukuta wa seli haupasuki kwa uhakika. Weka kwenye 65°C kwa dakika 30, ongeza ujazo ulio sawa wa klorofomu na alkoholi ya isoamili (24:1), changanya, zungusha kwenye sentrifuji kwa 12,000 g dakika 10. Chukua maji ya juu bila kugusa utando mweupe wa katikati, ongeza isopropanoli kwa 0.7 ya ujazo, zungusha tena, osha mashapo kwa ethanoli ya 70%, kausha, yeyusha katika mikrolita 50 za maji.

Mashapo yakionekana kama kamasi inayong'aa badala ya doa dogo jeupe, huo ni ute. Usiitupe sampuli. Punguza mara 10 na mara 100 kisha fanya PCR kwa viwango vyote viwili. Mara nyingi ule wa mara 100 unafanya kazi pale ule mzito unaposhindwa.

PCR ya jinsia

Eneo linaloamua jinsia, MAT, ni refu mno kwa kuvu: zaidi ya besi 100,000 na jeni zaidi ya 20. Jinsia zote mbili zina jeni nyingi zilezile, lakini nakala zimetofautiana vya kutosha kuweka praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zinazoshika upande mmoja tu. Inayotumika sana ni STE20. Chaguo jingine zuri ni jozi ya SXI1α, iliyopo kwenye alfa pekee, na SXI2a, iliyopo kwenye a pekee. Protini za jeni hizi mbili hukutana baada ya seli kuungana na ndizo zinazowasha safari nzima ya kutengeneza spora.

Chukua praima zilizokwisha kuchapishwa na kuthibitishwa, ila hakikisha ni za serotaipu yako, yaani kundi la kuvu linalotambulika kwa kapsuli yake. STE20 ya serotaipu A (var. grubii, inayotawala Afrika) si sawa na ya serotaipu D, na praima za D zinaweza kukaa kimya kabisa mbele ya isoleti ya A. Serotaipu A yenye jinsia a ilidhaniwa imetoweka duniani hadi mwaka 2000, timu ya Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani ilipoitambua katika isoleti 125.91, ambayo ilitoka kwa mgonjwa wa Tanzania.

Mchanganyiko wa mikrolita 25: mastamiksi ya 2x 12.5, praima ya mbele 1 na ya nyuma 1 (kila moja mikromola 10), DNA 1 yenye nanogramu 10 hadi 20, maji 9.5. Mizunguko: 95°C dakika 3; kisha mara 35 za 95°C sekunde 30, 60°C sekunde 30, 72°C dakika 1; kumalizia 72°C dakika 5. Fanya a na alfa katika mirija tofauti. Kuziweka pamoja kunaokoa fedha, lakini mkanda dhaifu wa a unaweza kumezwa na mkanda mzito wa alfa, na a ndiyo adimu unayoitafuta.

Kila jeli ibebe vidhibiti vinne: KN99α, KN99a (jozi ya rejea ya serotaipu A inayofanana karibu kila mahali isipokuwa MAT), maji matupu, na PCR ya jeni ambayo kila Cryptococcus inayo, mfano URA5, kwa kila sampuli. Hicho cha mwisho ndicho kinachokuambia kama kukosa mkanda maana yake ni kukosa jeni au kukosa DNA nzuri.

Ukipata mikanda ya a na alfa kwa isoleti moja, rudi kwenye makoloni. Choresha upya, jaribu makoloni 8. Yakigawanyika, mengine a na mengine alfa, ulikuwa na mchanganyiko. Yote 8 yakitoa mikanda miwili, yaelekea una mseto wa serotaipu A na D au diploidi (kuvu yenye seti mbili za kromosomu badala ya moja, yaani haploidi). Pima wingi wa DNA kwenye seli kwa saitometa baada ya kuzipaka rangi ya propidiamu ayodaidi, ukiweka KN99α pembeni kama kipimo cha haploidi.

Usishangae alfa ikiwa 100% ya isoleti zako. Hali hiyo ni ya kawaida sehemu nyingi za dunia. Wala haimaanishi hakuna ujinsia: tangu mwaka 2005 inajulikana kuwa alfa na alfa zinaweza kuzaana, na hata alfa moja inaweza kutoa spora peke yake.

Kupandisha

Hapa mambo madogo ndiyo yanayoua jaribio, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Agari ya V8, lita moja: juisi ya V8 mililita 50, KH2PO4 gramu 0.5, agari gramu 40, maji hadi lita moja. Rekebisha pH iwe 5.0 kwa serotaipu A. Serotaipu D inapenda 7.0. Pima pH kabla ya otoklevu na upime tena tone lililobaki baada yake. Agari ikichemshwa kwenye asidi inakatika na kuwa laini, ndiyo maana inawekwa nyingi hivyo. Pika 121°C kwa dakika 15 na usiyeyushe tena chupa iliyokwisha kuganda. Mimina mililita 25 kwa sahani ya milimita 90, acha zikauke siku moja hadi mbili gizani.

V8 ni juisi ya mboga ya Marekani na haipatikani kila duka. Juisi ya nyanya ya kawaida isichukuliwe kuwa badala yake mpaka KN99a na KN99α zimepandana juu yake kwenye maabara yako; madini, hasa shaba, yana kazi katika V8, na kila juisi ina kiasi chake. Agari ya Murashige na Skoog, inayotumiwa na maabara za kuotesha migomba kwa tishu, ni mbadala wa kuaminika zaidi kwa sababu kila kilichomo kinajulikana.

Otesha isoleti na rejea kwenye YPD usiku mmoja kwa 30°C. Zungusha, mwaga YPD, osha mara mbili kwa maji safi yaliyopitia otoklevu. Usiache kuosha: kuvu hii inapandana ikiwa na njaa, na mabaki ya YPD yana nitrojeni ya kutosha kuishawishi iendelee kuchipua. Hesabu seli kwa hemositometa na uziweke kwenye 10⁷ kwa mililita. Changanya ujazo sawa wa isoleti yako na rejea ya jinsia nyingine, weka matone ya mikrolita 10. Kwenye sahani hiyohiyo weka matone ya isoleti peke yake, rejea peke yake, na KN99a pamoja na KN99α.

Tone likishakauka, geuza sahani juu chini, weka gizani kwa 25°C. Mwanga unazuia kupandana. Sahani iliyoachwa karibu na dirisha inaweza isitoe hata uzi mmoja huku pacha wake wa kabatini amejaa. Joto la 37°C pia linazuia. Na usiifunge sahani kwa parafilm: hewa ya ukaa inakusanyika ndani, unyevu unapanda, na kuvu inaacha. Kama inkyubeta ina mfumo wa CO₂ uliowashwa, tafuta nyingine.

Kuanzia siku ya 3 tazama ukingo wa tone kwa lensi ya mara 10 bila kufungua sahani. Ukingo wa tone lisilopandana ni laini, kama ukingo wa tone la maziwa lililokauka. Linalopandana linaota manyoya: nyuzi nyeupe zinazotoka nje na kuinuka juu ya agari. Kati ya siku ya 7 na ya 14 ncha za nyuzi zinavimba na kuwa basidia, umbo la rungu dogo, na juu ya kila rungu zinasimama safu nne za spora, moja juu ya nyingine kama shanga zilizotungwa. Ukiona safu hizo nne, piga picha. Manyoya peke yake hayatoshi kuandika "imezaa".

Matone ya peke yake yanatoa habari muhimu. Isoleti yako ikitoa manyoya bila mwenzi, inajitegemea, na huwezi kudai kwamba ya mchanganyiko yalitokana na mwenzi. Tofautisha kwa vifundo kwenye viungo vya nyuzi kwa lensi ya mara 40: muungano wa a na alfa unatoa nyuzi zenye viini viwili na vifundo vilivyofungamana na seli ya jirani, alfa inayojizalia mara nyingi ina vifundo ambavyo havijafungamana.

Jozi ya rejea isipopandana, matokeo yote ya sahani hiyo hayana maana, hata yale mazuri. Anza upya kwa agari mpya.

Kuthibitisha watoto

Kupata watoto wa kweli kunahitaji maikromanipuleta, kifaa cha kuongoza sindano nyembamba chini ya darubini. Kata kipande kidogo cha ukingo wenye manyoya, kiguse kwenye YPD mpya, tenganisha spora moja moja kwa sindano, otesha kwa 30°C. Maabara isiyo na kifaa hiki iishie kwenye picha za basidia. Kukwangua ukingo kwa kitanzi na kumwaga kwenye sahani hakusaidii, kwa sababu seli za wazazi ni nyingi mno kuliko spora na utakachookota ni wazazi haohao.

Chukua spora chache kutoka kila basidia, na basidia nyingi. Ndani ya rungu moja miosisi (mgawanyiko unaochanganya vinasaba vya wazazi) inatokea mara moja tu, viini vinne vinavyopatikana vinajinakili tena na tena, na kila nakala inakuwa spora. Hivyo spora 40 za rungu moja zina mchanganyiko wa aina nne tu kwa kawaida. Mtu anayezihesabu kama watoto 40 tofauti ameongeza ushahidi wake mara kumi bila kujua.

Pima MAT na angalau jeni mbili zilizo kwenye kromosomu nyingine na zinazotofautiana kati ya wazazi. Kwa watoto 24 tarajia 12 kwa 12. Mgawanyo wa 16 kwa 8 bado ni bahati ya kawaida (kai mraba, kipimo cha umbali kutoka matarajio, ni 2.67), 17 kwa 7 (4.17) umevuka mpaka wa 3.84 na unahitaji maelezo, mara nyingi spora za jinsia moja kutoota vizuri. Lazima wawepo watoto wenye jeni moja ya mama na nyingine ya baba. Kisha angalia mitokondria, mfano jeni ya COX1: katika muungano wa a na alfa karibu watoto wote wanachukua mitokondria ya mzazi a. "Mtoto" mwenye MAT ya alfa, jeni zote za alfa na mitokondria ya alfa ni mzazi wako aliyeponyoka.

Kusoma alama za uzazi katika isoleti nyingi

Sasa ndilo swali lenye uzito kwa hospitali na kwa mazingira. Soma mfuatano wa jeni saba za mpango wa kimataifa wa MLST (kutambua aina ya kuvu kwa kusoma jeni kadhaa): CAP59, GPD1, IGS1, LAC1, PLB1, SOD1 na URA5. Kila moja isomwe kutoka pande zote mbili. Zigawe isoleti katika koo zake, VNI, VNII na VNB, kabla ya hesabu yoyote. Koo zikichanganywa, tofauti za kale kati yake zinaonekana kama kufungamana kwa jeni (jeni kurithiwa pamoja bila kuchanganywa), na utahitimisha kuwa kuvu ni kloni, yaani nakala za mzazi mmoja, hata kama ndani ya kila ukoo zinapandana.

Jaribio rahisi unaloweza kulifanya kwa penseli: chukua jeni mbili, kila moja ikiwa na aina mbili, tuseme CAP59 ya 1 na ya 2, LAC1 ya 1 na ya 2. Kama kuvu ni kloni tupu utaona michanganyiko isiyozidi mitatu: 1-1, mabadiliko moja yakatoa 2-1, mengine yakatoa 1-2 au 2-2. Wa nne ukionekana, ama jeni zimechanganywa upya, ama badiliko lilelile limetokea mara mbili. Jozi moja si kitu. Jozi nyingi zenye michanganyiko yote minne ni dalili nzito.

Kisha tumia R, programu ya takwimu, na kifurushi chake cha poppr. Fanya clonecorrect kwanza, ibaki isoleti moja kwa kila aina ya MLST kwa kila mahali, halafu amri ya ia, inayopima kufungamana kwa jeni na kutoa thamani iitwayo r̄d, kwa kupanga upya mara 999. Bila kusahihisha kloni, aina moja iliyosambaa, kama ST93 inayoonekana sana Uganda, itameza hesabu yote. Thamani ya r̄d iliyo karibu na sifuri na iliyo ndani ya mtawanyo wa upangaji upya inaendana na uzazi wa kijinsia. Lakini baada ya kusahihisha ukibaki na aina 8 tu, jaribio halina nguvu ya kuona kufungamana hata kama kupo. Ongeza sampuli, hasa za mazingira: kinyesi cha njiwa, mashimo ya miti, udongo. Sampuli za Botswana zilizochapishwa mwaka 2003 zilitoa dalili za mchanganyiko wa vinasaba katika serotaipu A kwa sababu, pamoja na mengine, zilikuwa na jinsia a na alfa pamoja.

Katika ripoti andika mambo haya kwa mafungu yake: isoleti ngapi zina a na ngapi alfa, kwa praima zipi na serotaipu ipi, ngapi kati ya zilizojaribiwa zilitoa safu za spora na rejea, na ngapi zilitoa manyoya peke yake, r̄d ya kila ukoo kabla na baada ya kusahihisha kloni, na idadi ya aina zilizobaki. Isoleti zilizoshindwa kupandana zitajwe kwa namba zake, na ziwekwe friza pamoja na watoto waliothibitishwa. Nyingi kati ya hizo ni kuvu za wagonjwa zilizokaa kwenye agari kwa miaka, na zikirudiwa kutoka mrija wa kwanza uliogandishwa huweza kupandana.